MREJESHO: Safari ya treni kwenda kuangalia mpira Lewes

Wadau, niliuliza uwanja gani wa ligi za chini Uingereza naweza kwenda kwa treni kutoka London na kurudi siku hiyohiyo. Asanteni sana. Nilimfuata aliyesema Lewes, mji mdogo kusini mwa Uingereza, uwanja wa The Dripping Pan: kutoka stesheni ya Victoria, London, ni saa moja na ushee, kisha unatembea dakika chache tu kutoka stesheni. Kupita kwanza kwenye ngome ya kale ya mji huo kulishindikana, treni ilichelewa. Lakini uwanja wenyewe! Umezama kama bakuli, kingo zake nyasi. Klabu yake, Lewes FC, ni mali ya mashabiki tangu 2010, na mwaka 2017 ilianza kulipa wachezaji wanawake sawa na wanaume. Nimeipenda mno. Anayetaka na ngome, apande treni ya asubuhi.