Programu ipi ya kufundishia kalkulasi chuoni: GeoGebra, Maxima au Mathematica?

Mwembe wa Tabora: Ndugu walimu, habari za kazi. Chuo chetu hapa Tabora kimenitaka nipendekeze, kabla ya mwezi huu kwisha, programu moja ya kufundishia kalkulasi kwa mwaka wa kwanza, nami nipo njia panda kati ya hizo tatu. Ipi inafaa?

Asali ya Sikonge: Mwalimu, wanafunzi ni wangapi? Kompyuta je, intaneti, fedha? Mathematica, iliyotoka mwaka 1988, ina uwezo mkubwa lakini ni ya kulipia. Maxima ni ya bure kabisa, nayo imetokana na Macsyma, programu ya zamani ya chuo cha MIT, Marekani.

Bandari ya Ujiji: Mimi ni wa GeoGebra, ambayo Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 akiwa Salzburg, ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na ukishaipakua hufanya kazi bila intaneti. Huku Kigoma huwa nachora y = x², naiunganisha nukta ya x = 1 na nukta ya pili, kisha naisogeza hiyo ya pili taratibu: pengo likiwa 1 mteremko ni 3, likiwa 0.1 ni 2.1, likiwa 0.01 ni 2.01, na wanafunzi hutamka wenyewe "mbili" kabla sijaandika ubaoni neno limiti, yaani thamani inayokaribiwa.

Msafiri wa Reli: Nawasihi mtazame leseni kwanza. Chuo nilichofundisha zamani kilinunua programu ambayo leseni yake ilipaswa kuthibitishwa mtandaoni kila baada ya muda. Katikati ya muhula mtandao ukakatika, na kompyuta zote zikakataa kuifungua. Masomo yangu yote ya intigrali yalikuwa humo, sikuwa na nakala nyingine, kwa hiyo kwa siku nne nilichora mikunjo kwa mkono usiku ili asubuhi wanafunzi wainakili. Inaniuma hadi leo, kwani wengi wao waliingia kwenye mtihani bila kuelewa eneo lililo chini ya mkunjo.

Chaki na Ubao: Pole sana, ndugu. Kwangu mkono hutangulia. Ukiiuliza Maxima intigrali ya 1/x, hukupa log(x) bila ile C ya mwisho, yaani namba yoyote isiyobadilika inayoongezwa kwenye jibu, na mwanafunzi wangu aliandika hivyohivyo akapoteza alama.

Asali ya Sikonge: Hilo ni la kufundishwa, Mwalimu, si kosa la Maxima.

Chaki na Ubao: Na grafu je? Chora (x² − 1)/(x − 1): utaona mstari ulionyooka, ilhali penye x = 1 hakuna thamani. Asiyeijua limiti ataamini macho yake.

Bandari ya Ujiji: Mimi huanzia hapohapo, nikiwauliza kwa nini kioo kinawaficha tundu hilo.

Mwembe wa Tabora: Samahani kwa kuchelewa. Wanafunzi ni 90, kompyuta 12, intaneti ni ya simu yangu, na fedha hazijatajwa.

Asali ya Sikonge: Basi Mathematica iondoe. Projekta ipo?

Mwembe wa Tabora: Ipo moja, tunagawana na idara ya fizikia.

Chaki na Ubao: Watakaokosa zamu ya kompyuta watafanya mazoezi wapi?