Tupeane uzoefu: unyevu na ukungu majumbani, Unguja na Pemba

Assalaam aleikum ndugu zangu. Masika haya ukuta wetu wa ukumbini umetota mpaka kimo cha kiuno. Rangi inabambuka, unga mweupe wa chumvi unatoka, uvundo hauishi. Nyumba ni ya mawe, Mji Mkongwe. Fundi mmoja anataka kupiga plasta ya saruji, mwengine anakataa katakata. Waliopitia haya tuelezeni mlifanyaje. Wa nyumba za matofali pia.

Mkaazi wa Malindi
Saruji usikubali, dada yangu. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini, kisha ukuta huyatoa polepole kwa hewa. Ukiuziba kwa saruji, maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na yakifika kwenye vichwa vya boriti, boriti huoza. Sisi tulibandua saruji yote, ukuta ukakaa wazi kaskazi nzima. Chumvi tukaifagia kwa brashi kavu, maana ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Halafu plasta ya chokaa, tabaka jembamba juu ya jengine, na chokaa ya kupaka. Rangi ya mafuta usiitie, na mchanga usiwe wa pwani, una chumvi yake.

Bi Wete
Yetu ni ya matofali na bati. Maji ya paa yalikuwa yakimwagika pale pale kwenye msingi. Tukatia mifereji, na ardhi ya nje tukaiinamisha ielekee mbali na ukuta. Chini palikauka. Magunia ya karafuu sasa yanakaa juu ya mbao, mbali na ukuta. Karafuu ikilala sakafuni inavuta unyevu na kushika ukungu hata kama ilianikwa vizuri. Wanaojenga sasa, hakikisheni fundi ametandika nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kupandisha kuta.

Wa ghorofani, Michenzani
Mwanangu ana pumu, kwa hiyo jambo hili linaniuma. Dari ya chumba chake ilikuwa nyeusi kwa ukungu, tukipaka rangi unarudi. Bomba la jirani wa juu ndilo lililovuja, na lilipotengenezwa ukungu ukakoma. Kwa ukuta usioujua, gandisha kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote, usubiri siku mbili. Matone yakiwa nje ya nailoni, ni mvuke wa chumbani: fungua madirisha ya pande mbili, usianike nguo ndani. Yakiwa nyuma yake, maji yamo ukutani.

Aliyeanzisha mada
Ahsanteni sana. Wa Malindi, chokaa nitaijuaje kuwa nzuri?

Mkaazi wa Malindi
Iwe imelowekwa wiki kadhaa, maji yakiwa juu yake muda wote, mpaka ilainike kama siagi. Ikishikwa na vidole isiwe na chembe ngumu hata moja, kwani chembe hizo huja kufura ukutani na kuitoboa plasta. Na kabla hujabandua kitu, pita Mamlaka ya Mji Mkongwe upate kibali.