Skuli ya kaiti Paje: mpwa wangu kavunjika mtulinga, wao wanasema ni kazi ya Mungu

Wakuu, salaam. Uzi mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mwenye haraka apite.

Mimi ni mzaliwa wa Kusini Unguja, natafuta maisha Dar. Mama yangu amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, wakati hakuna kaiti hata moja (vile vishada vikubwa vinavyomvuta mtu juu ya maji akiwa kwenye ubao) kwenye ile bahari. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akaniambia "wewe wa bara hujui maji".

Mwezi wa nane, kusi imeshika vizuri, nilikwenda nyumbani na mpwa wangu. Miaka 19, yuko chuo, kilo 58 akiwa amevaa viatu. Tangu atoke kwenye boti wimbo wake ni mmoja: mjomba nataka kujifunza kaiti. Tukapata kibanda cha makuti chenye bei nusu ya majirani zake. Hapo kosa ni langu, nimeshajilaumu, msinisaidie.

Mwalimu ni kijana ambaye kila mtu anamwita "ticha". Somo la nchi kavu lilichukua muda wa kuvuta sigara moja. Sasa sikilizeni alichomfundisha. Kamwambia anga mbele yako ni uso wa saa: kaiti ikiwa juu ya kichwa ni saa kumi na mbili, ikiwa kulia ni saa tatu, kushoto ni saa tisa.

Simameni hapo kidogo. Kwetu sisi ikiwa saa kumi na mbili, mshale mfupi unatazama wapi? Chini! Saa tatu asubuhi mshale mfupi uko wapi? Kushoto! Yule bwana amechukua saa ya Kizungu akaitafsiri kavu kavu, halafu anamfundisha mtoto aliyekua akisoma saa ya Kiswahili. Mpwa wangu akauliza, "Ticha, saa tatu ya wapi?" Wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Ilikuwa kama saa nane mchana (yetu), maji yanajaa, mchanga umebaki ukanda mwembamba, nyuma yake kuta za mahoteli na minazi. Wakampa kaiti ya mita 12. Kofia ngumu hakuna. Fulana ya kuelea "zimeanikwa". Wakamsimamisha maji ya magoti, hatua chache tu kutoka mchangani, mgongo kwenye upepo, nchi kavu kushoto kwake, bahari kulia. Kaiti ikapanda. Ticha akarudi mchangani kushika simu yake.

Ukaja upepo wa ghafla, kaiti ikayumba. Ticha anapiga kelele: "Saa tatu! Saa tatu!" Yeye anamaanisha kulia, baharini. Mtoto akaipeleka saa tatu yake, kushoto, nchi kavu.

Kwa wasiojua: kaiti ikiwa imetulia juu ya kichwa au pembeni kabisa haivuti sana. Inapokata anga kwa kasi kutoka juu kwenda chini ndipo inapobeba upepo wote. Ilimng'oa majini. Na yeye akafanya anachofanya binadamu yeyote akivutwa, akaung'ang'ania ule upau wa kuongozea na kuuvuta kifuani. Kumbe kuuvuta ndiko kuongeza nguvu! Ukiuachia mikono tu, kaiti inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake palepale. Sekunde moja, mikono wazi, basi. Hakuna aliyemwambia. Na kile kifungulio chekundu kilichokuwa tumboni kwake, cha kujitenga na kaiti, hakikuwahi kutajwa. Alijua ni pambo.

Aliburutwa mchangani kama mita 30 mpaka akasimamishwa na mrengu wa ngalawa. Mtulinga ukavunjika. Kina mama wanne walikuwa wanatoka baharini na magunia ya mwani vichwani. Zile kamba za kaiti ni nne, kila moja inazidi mita 20, nyembamba kama mshipi wa kuvulia, na zikikazwa ni wembe. Moja ilimpitia mama mmoja mkononi ikamchana. Ingempita shingoni leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Nilipokwenda kudai gharama za matibabu, mwenye skuli akanitolea karatasi: "Amesaini." Kurasa mbili za Kiingereza, mtoto alizisaini amesimama, mkono mmoja umeshika viatu. Halafu ndiyo nikaambiwa ajali ni kazi ya Mungu. Kwa yule mama hata pole hawakwenda kutoa. Nilikwenda mimi. Akaniambia, "Mwanangu, sisi tumeshazoea, wakipita tunainama." Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko hata mfupa.

Nina rafiki wa utotoni, anafundisha kaiti kwa miaka mingi, ana kadi ya ualimu ya IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti. Nilimfuata nikiwa nimefura. Hakubishana, akanivisha ule mkanda wa kiunoni palepale mchangani, bila kaiti, akanifumba macho kwa kanga ya mkewe: "Achia. Fungua." Mara ishirini. Kwanza unaachia upau. Kaiti ikiendelea kukuvuta, unasukuma kifungulio, nayo inabaki imening'inia kwenye kamba moja ya usalama bila nguvu. Ikivuta bado, kuna kifungulio cha pili kwenye hiyo kamba, unaiacha iende zake. Hela inauma, mfupa unauma zaidi. Anasema kwake mwanafunzi haishiki kaiti kubwa mpaka mkono ujue njia wenyewe, kisha siku ya kwanza nzima ni kaiti ndogo ya mazoezi, na baada ya hapo kuburuzwa majini bila ubao, penye maji ya kiuno. Ubao ni mwisho kabisa. Ndiyo maana bei yake ni kubwa.

Akaniuliza kaiti ilikuwa mita ngapi. Nilipomwambia 12, kwa kilo 58, na ule upepo, alikaa kimya akachezea mchanga. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu haziongezeki mara mbili, zinaongezeka mara nne. Kwa mwanafunzi, kilomita 22 hadi 33 kwa saa zinatosha kabisa. TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, wavuvi wetu wanavuta ngalawa juu, halafu sisi tunampeleka mwanagenzi majini na kaiti ya jitu!

Na nafasi. Upande wa demani, unakokwenda upepo, hakikisha kuna angalau mita 50 hazina mtu, ukuta, mnazi wala ngalawa. Kama hakuna, usirushe, subiri maji yapwe. Lakini yakifika nusu, vigingi vya mwani vinakuwa chini kidogo tu ya uso wa maji na huvioni, kwa hiyo muulize mwalimu mashamba yako wapi, na akisema "huko huko" ondoka. Yale ni mashamba ya watu. Mwanzoni usisogelee mlango wa mwamba maji yanapotoka, mkondo ule hauna mswalie Mtume. Upepo unaotoka nchi kavu, hata uwe laini, usiingie nao. Ukiona wingu jeusi la mvua linakuja, shusha kaiti kabla halijafika.

NYONGEZA: Wanaoniomba PM jina la skuli, sitoi, nimeshaanza kulifuatilia kwa njia zake na sitaki waseme nimewachafua. Na wewe uliyeandika "kijana alikuwa mzembe, mbona wengine hawavunjiki", nikuulize: saa tatu ni kulia au kushoto? Jibu haraka haraka huku unaburutwa.

Mwingine kauliza kwa nini nisiseme tu watalii waondoke. Sijasema waondoke. Vijana wetu wanakula pale, huyo rafiki yangu amejengea nyumba kazi hiyo. Ninachotaka ni kofia ngumu kichwani, mwalimu awe majini pamoja na mwanafunzi, na waseme "juu, baharini, nchi kavu, achia" badala ya saa zao.

Mpwa mkono umefungwa kitambaa kilichoning'inizwa shingoni, anatumia wa kushoto kuandika. Jana ananiambia akipona anataka kurudi. Mama yake hajui. Kama kuna mtu Jambiani au Kiwengwa anayefundisha kwa Kiswahili na ana boti ya kuokolea, aweke hapa chini.