Tupeane uzoefu: mlioanza chuo kipindi cha corona, nusu mtandaoni nusu darasani, huku mkiwa nyumbani Tanga

Mwana wa Mabawa

Wakuu, habari za muda. Mdogo wangu kapata chuo ambacho ratiba yake ni nusu kwa nusu: wiki kadhaa wanasoma mtandaoni, wiki kadhaa wanaitwa kampasi. Nyumbani kila anayesikia anamwambia, "Bahati yako, utasoma umelala." Nimecheka sana, maana mimi nilianza hivyohivyo 2020 na huko kulala sikukuona. Naomba tuliopitia hali ile, hasa watu wa Tanga tuliokuwa vyuo vya nje, tumwage uzoefu hapa asome mwenyewe. Ngoja nifungue pazia.

Nilipata nafasi Mombasa. Kenya walifunga vyuo Machi 2020, na wengi wetu tukaambiwa ana kwa ana ni mpaka Januari 2021. Huku kwetu vyuo vilikuwa vimeshafunguliwa tangu tarehe 1 Juni. Basi mwaka wa kwanza nikauanzia chumbani Mabawa. Yaani picha yenyewe ilikuwa hivi: mtaani corona imeshasahaulika, harusi zinapigwa, Mkwakwani mashabiki wa Coastal Union wamejaa jukwaani bila barakoa, halafu mimi peke yangu naishi kwa masharti ya nchi nyingine.

Watu huwa wanadhani tatizo lilikuwa bando. Bando lilisumbua, ndiyo, lakini kilichonitesa ni kwamba hakuna aliyeamini niko chuo. Mtu akionekana na begi stendi ya Kange, mtaa mzima unajua kaenda kusoma. Ukibaki nyumbani unatazama simu, wewe huna kazi. "Si upo upo tu, hebu kimbia kachukue unga." Mjomba akija na mzigo, wa kuushusha ni mimi. Msiba ukitokea, wa kwenda kuazima viti ni mimi, na mwalimu yuko katikati ya hesabu. Ukisema una kipindi, unaulizwa kipindi gani na redio imezimwa.

Ofisi yangu ilikuwa hivi: simu nimeipachika kwenye nondo za dirisha, maana mtandao ulikuwa unafika hapo tu. Nawasha hotspoti, laptopu naiweka juu ya cherehani ya mama. Mama akiwa na nguo ya mteja, nahamia sakafuni. Mvua ikinyesha dirisha linafungwa, simu inashuka, na leksha imekwisha.

Aliyeniokoa ni mwenzetu mmoja wa Kwale mwenye intaneti ya uhakika. Kila kipindi kikiisha alikuwa anarekodi sauti fupi, anaeleza mwalimu kasema nini na ukurasa gani tusome, anatupia kwenye grupu. Video ya saa mbili ilikuwa inamaliza bando la wiki. Sauti yake ilishuka kwa MB chache tu. Ikafika wiki ya uchaguzi wetu, mwishoni mwa Oktoba 2020, WhatsApp na Twitter zikagoma. Wakenya kwenye grupu wanaulizana Mtanzania kapotelea wapi, mimi nahangaika na VPN ya kuelekezwa na kinyozi.

Januari nikavuka mpaka wa Horohoro na cheti cha kipimo cha corona kisichozidi saa 96. Yule wa Kwale, ambaye kwa ile sauti nilidhani ni jitu la miraba minne, kumbe kijana mwembamba hanifikii begani. Tukasoma pamoja, tukazoeana, mwishoni mwa Machi 2021 ana kwa ana ikasimamishwa tena. Nikarudi kwenye cherehani.

Karibuni wadau.

Daktari wa Chumbageni

Mkuu, wewe afadhali, nchi jirani na saa zetu ni zilezile. Mimi nilianza udaktari China nikiwa Chumbageni. China ilifungia wageni mipaka tarehe 28 Machi 2020, sisi wapya tukaambiwa anzeni mtandaoni, mtaitwa. Wanafunzi walianza kuruhusiwa kuingia Agosti 2022. Piga hesabu mwenyewe.

Wako mbele yetu saa tano. Kipindi chao cha saa mbili asubuhi kwangu ni saa tisa usiku. Nyumba imelala, nimejifunika shuka kichwani ili mwanga usimwamshe kaka, mwalimu anachukua mahudhurio kwenye DingTalk, programu ya simu ya Wachina. Usipobonyeza ndani ya muda, hukuwepo. Adhana ya alfajiri inanikuta kwenye somo la pili. Wazee wa msikitini wakawa wananisifu kwamba kijana huyu anawahi swala kuliko wenzake wote. Nikaitikia kwa adabu, sikuwaambia kwamba nilikuwa sijalala.

Ila iliyonitia simanzi ni anatomia. Maiti unaonyeshwa kwenye skrini ya simu, mshipa wa damu na mshipa wa fahamu vyote vimefanana ukungu. Nikaenda buchani nikanunua moyo wa ng'ombe, una vyumba vinne kama wetu. Nikaupasua jikoni kitabu kikiwa wazi pembeni, nikapitisha kidole kwenye vali, nikaona zile nyuzi zinazoishikilia. Siku hiyo niliielewa mada kuliko muhula mzima wa picha. Bibi amesimama mlangoni ananitazama, akauliza tu: "Ukimaliza kuuchezea, tunauunga na nini?"

Kachori Makorora

Mkuu, usituache hewani. Uliungwa na nini?

Daktari wa Chumbageni

Nyanya na pilipili. Bibi hapotezi kitu.

Wa Vimbwetani

Mnatushangaza nyie. Sisi tulioripoti Dar Novemba 2020, masomo ya mtandaoni tuliyasikia kwenye taarifa ya habari. Ukumbi nyomi, wengine wamening'inia dirishani, mlangoni ndoo ya kunawa ambayo sabuni yake ilishaondoka na mtu. Mwanzoni mwa 2021 ndipo tulipoanza kusikia ile "changamoto ya upumuaji", yaani corona bila kuitaja jina, na mwalimu mmoja akahamishia kipindi kwenye grupu la WhatsApp bila kutaja sababu. Anatuma slaidi, tunaandika "sawa dokta" mia mbili, kipindi kimeisha. Hiyo ndiyo ilikuwa mtandaoni yetu.

Lakini mwezi wa kwanza tu nilishapata watu wa diskasheni. Wengine mliomaliza mwaka mzima hamjui mwenzenu anakaa upande gani wa darasa, hapo mimi siwaonei wivu hata kidogo.

Binti Raskazone

Mimi nilifika Uingereza kabisa, vuli ya 2020, na bado nikasoma mtandaoni. Nyumbani mpaka leo hawajalielewa hili. Umelipa viza, umelipa ndege, uko bwenini, mwalimu yuko jengo la pili na anaongea na wewe kwenye Teams. Leksha zote zimerekodiwa. Ana kwa ana ilikuwa semina chache, viti vimetenganishwa, barakoa usoni, mkimaliza kila mtu chumbani kwake. Nilikuwa nawajua wenzangu kwa macho tu. Wakivua barakoa nje nawapita kama wageni.

Nikaja Tanga Krismasi. Januari 2021 Uingereza wakafunga nchi, vyuo vikaambiwa vibaki mtandaoni isipokuwa kozi kama za udaktari. Tarehe 22 wakazuia wasafiri kutoka Tanzania, ukiacha raia na wenye haki ya ukaazi. Februari 15 ikaja karantini ya hotelini, unajilipia mwenyewe pauni 1,750 kwa siku 10. Baba akaibadilisha kwa shilingi, akaweka kalamu chini, akasema, "Utasomea hapahapa." Kodi ya chumba kule ikaendelea kulipwa, kimelala koti langu la baridi peke yake. Hilo linaniuma mpaka kesho.

Nitasema jambo ambalo wengi hawatalipenda: zile leksha za kurekodi zilinifaa. Kuna profesa wa kutoka Scotland, Kiingereza chake kilikuwa kinanipita juu ya kichwa. Nikawa narudisha nyuma, nasimamisha, nasikiliza tena mpaka naelewa. Ningekuwa ukumbini ningetikisa kichwa kama wenzangu na kutoka mtupu. Ana kwa ana iliporuhusiwa kwa wote, 17 Mei, muhula ulikuwa unaishia.

Mama Duga

Wanangu, na mimi niseme. Mimi ni mzazi, binti yangu alianzia nyumbani chuo cha Kampala. Hao Waganda ndio waliotukomesha: walifungua kwa mafungu, Juni 2021 wakafunga tena mpaka Novemba.

Naona mnatulaumu tuliwatuma dukani. Sawa, tuliwatuma. Lakini mtu nimemlipia ada, namkuta kakaa kitandani, juu blauzi ya maana, chini khanga, anaiambia kompyuta "ndiyo mwalimu". Mimi ningejuaje kama hicho ni chuo? Chuo ninachokijua mimi kina geti. Siku moja nimeingia na sinia la mihogo nauliza kwa sauti nani kamaliza tui langu, nasikia wanaume wanacheka mle ndani ya kompyuta. Nilitoka mbio na sinia langu.

Akaja na akili. Akawa anafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa. Kikiwepo haingii mtu, hata baba yake. Kusema ukweli sikukipenda kile kitambaa, nyumba ni yangu. Lakini niliona matokeo yake ya muhula wa pili, nikakifua mwenyewe na kukipiga pasi.

Kachori Makorora

Shikamoo mama. Mwizi wa tui alipatikana?

Mama Duga

Marahaba. Kwa unavyofuatilia vyakula humu, nahisi ulikuwa wewe.

Ticha wa Muheza

Mnaongea kama vile corona ndiyo iliyoleta mambo haya. Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992, kina kituo hapa Tanga, na sisi walimu tumesoma kwa masafa huku tukishika chaki. Nyie mlitumbukizwa, sisi tulijiandaa, ndiyo maana mnapiga kelele.

Dogo, nisikilize. Usitegemee kusoma ukiwa hewani. Mimi Jumamosi nilikuwa napanda Kosta hadi mjini, naingia maktaba ya mkoa, napakua kila kilichowekwa wiki ile, nikirudi Muheza intaneti naizima. Nasoma alfajiri kabla jogoo na watoto hawajaamka. Mjadala wa Zoom wa bure unakata kwenye dakika 40, kwa hiyo andikeni maswali mapema, salamu ziwe fupi. Na hilo la kitambaa chekundu lichukue kama lilivyo. Kabla hujanunua bando la kwanza, kaa na wazee wako na ratiba iliyochapishwa kwenye karatasi, ibandike ukutani. Karatasi wazazi wanaiamini. Simu hawaiamini, na siwalaumu.

Mwana wa Mabawa

Ticha, la karatasi naliunga mkono kwa mikono miwili. Mimi mjomba aliacha kunipa mizigo siku nilipobandika barua ya udahili yenye muhuri mlangoni. Alikuja, akaisoma yote, akauliza, "Kumbe kweli?" Muhula wa kwanza ulikuwa umebaki wiki mbili.

Dogo Mwenyewe

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma zote. Swali langu ni chumba. Kampasi iko Dar na wiki za kwenda ni chache. Nipange, au niwe naenda na kurudi?

Binti Raskazone

Usilipe chumba cha mwaka kabla hujaona ratiba imetulia. Nimeshaeleza kilichonipata.

Mama Duga

Hana shangazi Dar?

Mwana wa Mabawa

Yupo mama, ila ana wajukuu saba na chumba kimoja na sebule.

Ticha wa Muheza

Vyuo vinavyoita watu kwa makundi, wiki zenu hazigongani. Tafuta mwenzako wa kundi lingine mpange chumba kimoja: wiki zako unalala wewe, zake analala yeye, kodi mnagawana nusu. Mwambieni mwenye nyumba mapema, na kila mmoja aje na godoro lake.

Dogo Mwenyewe

Asante ticha. Mimi ni kundi B. Kuna wa A humu?