Valvu ya moyo wangu imesinyaa na ninatamani mtoto: nianzie wapi kabla ya kushika mimba?

BintiMoro ameuliza:

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 28, nimeolewa na bado sijajaliwa mtoto. Utotoni nilisumbuliwa sana na mafindofindo, ambayo nyumbani tuliyatibu kwa kusukutua maji ya chumvi mpaka yapoe yenyewe, na baadaye nikapata homa iliyoambatana na maumivu ya viungo yaliyokuwa yakihama kutoka goti moja hadi jingine. Nilikuja kuambiwa kwamba moyo wangu una tatizo nilipokuwa chuo cha ualimu. Cheti cha kipimo cha eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) cha mwaka 2021 kinaeleza kuwa valvu ya maitrali, yaani kilango cha damu kilicho kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, imesinyaa na eneo lake limebaki sentimita za mraba 1.2.

Ninatumia Lasix ya kupunguza maji mwilini, atenololi ya kupunguza mbio za moyo, enalaprili niliyoongezewa baada ya presha kupanda, pamoja na sindano ya penisilini ya kila mwezi. Siku za kawaida sijioni mgonjwa na vipindi vyangu vyote ninafundisha nikiwa nimesimama, ila nikipanda kilima cha kuelekea kanisani lazima nipumzike katikati, na usiku ninalalia mito miwili.

Daktari mmoja aliniambia tu kwamba nisizae, akaandika dawa, akamwita mgonjwa aliyefuata. Mwingine niliyemwona baadaye alisema wapo wanawake wengi wenye moyo kama wangu waliojifungua salama. Mume wangu anajua kila kitu na ananisubiri kwa upole, lakini mama mkwe hajui, na kila sikukuu maswali yanaongezeka. Naomba kujua nimwamini nani kati ya hao wawili, nipimwe nini kabla ya kushika mimba, dawa hizi zinafaa au hazifai, na kama mtoto anaweza kurithi ugonjwa huu.

DaktariWaZamu amejibu:

Dada BintiMoro, pole, na asante kwa kueleza hali yako kwa ukamilifu. Ninafanya kazi katika kliniki ya moyo, lakini sijakupima wewe, kwa hiyo haya yakusaidie kujiandaa kuonana na daktari wako, na usiache wala kubadilisha dawa hata moja kabla ya kumwona.

Madaktari wale wawili hawapingani kama inavyoonekana. Magonjwa ya moyo ni mengi na kila moja lina hatari yake katika ujauzito, ndiyo maana sisi hutumia mpangilio wa Shirika la Afya Duniani wenye madaraja manne, la kwanza likiwa la wale ambao hatari yao ni ndogo na la nne likiwa la wale wasioshauriwa kabisa kubeba mimba. Valvu ya maitrali iliyosinyaa sana imo katika daraja la nne, na iliyosinyaa kwa wastani imo katika la tatu. Jambo ambalo hukuelezwa, na ambalo ulistahili kuelezwa siku ileile, ni kwamba mwenye tatizo lako anaweza kushuka daraja akitibiwa kabla ya kushika mimba.

Valvu nzima ya maitrali ina eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Katika ujauzito damu ya mama huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, kiasi hicho hufika kileleni karibu na wiki ya 32, na mapigo ya moyo nayo huongezeka. Damu hiyo yote inapaswa kupita katika tundu la valvu wakati moyo umelegea kati ya pigo na pigo, na kadiri moyo unavyokwenda mbio ndivyo muda huo unavyofupika. Fikiria watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi kupitia geti lililofunguliwa nusu: wakiwa wachache hupita bila shida, lakini wakiongezeka na geti likawa linafunguliwa kwa sekunde chache tu, wataanza kurundikana nyuma. Nyuma ya valvu ya maitrali ni mapafu. Ndiyo maana mwanamke ambaye alikuwa anaendelea vizuri na kazi zake huweza kubanwa pumzi akiwa na mimba ya miezi sita au saba, ingawa valvu yake haijabadilika.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni eko mpya. Cheti cha mwaka 2021 hakitoshi tena kufanyia uamuzi, na kilima unachokipumzikia pamoja na mito miwili unayolalia ni mambo ya kumweleza daktari kabla hata hajauliza. Mwombe akueleze eneo la valvu lilivyo sasa, presha ya mishipa ya mapafu, nguvu ya moyo kusukuma damu, kama valvu inavuja, na kama ngozi zake bado ni laini au zimekakamaa kwa chokaa. Upimwe pia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kuona kama mapigo yana mpangilio, na wingi wa damu, maana upungufu wa damu peke yake huukimbiza moyo.

Miongozo ya kitabibu inaelekeza kwamba mwanamke ambaye valvu yake iko chini ya sentimita 1 ya mraba atibiwe kwanza kabla ya kubeba mimba, na aliye chini ya 1.5 afikiriwe matibabu hayo. Wewe uko hapo. Ikiwa ngozi za valvu bado ni laini, haivuji sana na hakuna damu iliyoganda ndani ya moyo, inaweza kupanuliwa kwa puto: mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, puto likajazwa ndani ya valvu na kuiachanisha pale ilipogandana, bila kupasua kifua. Kazi hii inafanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kwa wenzetu wa Uganda iko taasisi ya moyo ya Mulago, Kampala. Inawezekana hata kuifanya mimba ikiwa imeshatungwa, ikibidi, lakini wakati ulio mzuri ni huu ulio nao sasa. Valvu iliyopanuliwa huweza kusinyaa tena baada ya miaka, kwa hiyo ukishafunguliwa njia, usikae muda mrefu bila mpango.

Ikionekana kwamba puto halitafaa na unahitaji upasuaji wa kubadilisha valvu, waambie mapema na kwa sauti ya kusikika kwamba unataka kuzaa. Valvu ya chuma hudumu muda mrefu lakini inadai dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote, nayo ina matatizo yake kwa mimba. Valvu ya tishu za mnyama mara nyingi haihitaji dawa hiyo kwa muda mrefu, ila huchakaa, na kwa wanawake vijana huchakaa mapema zaidi, jambo linalomaanisha upasuaji mwingine huko mbele. Mazungumzo hayo yanafaa kufanyika kabla hujaingia chumba cha upasuaji.

Kuhusu dawa zako, enalaprili ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa kundi lake, pamoja na losartani na ndugu zake, huharibu figo za mtoto aliye tumboni, hivyo ni lazima daktari akubadilishie kabla hujaanza kutafuta mimba. Atenololi imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na wengi wetu huhamia metoprololi, kwa sababu dawa ya kupunguza mbio za moyo wewe unaihitaji kweli. Lasix hutumika kwa uangalifu. Sindano ya penisilini ni salama katika ujauzito na usiiruke hata mara moja, maana ndiyo inayozuia ile homa ya viungo ya utotoni, iliyotokana na mafindofindo, kurudi na kuiharibu valvu zaidi. Mtoto harithi valvu iliyoharibiwa na homa hiyo. Kwa waliozaliwa na tundu au kasoro ya moyo hali ni tofauti kidogo: uwezekano wa mtoto kuwa na kasoro ni mkubwa kuliko kwa watu wengine, na ni vizuri moyo wa mtoto upimwe akiwa bado tumboni.

MamaWaValvu amejibu:

Mdogo wangu, mimi nina valvu ya chuma niliyowekewa nikiwa sekondari, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akinifikiria kama mama wa baadaye. Ninaandika kwa ajili yako na kwa ajili ya wasomaji wengine ambao tayari wanatumia wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda.

Sisi hatuna ruhusa ya kushtukizwa na mimba. Wafarini hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu ukuaji wa mifupa yake, na mimba nyingi huharibika. Sindano za hepari, ambazo nazo huzuia damu kuganda, hazimfikii mtoto, lakini dozi isipopimwa na kurekebishwa mara kwa mara, damu inaweza kuganda kwenye valvu, na hapo anayeweza kupotea ni mama. Hakuna njia isiyo na gharama. Dozi yangu ilikuwa miligramu 4 kwa siku, na kwa walio chini ya 5 hatari kwa mtoto hupungua, kwa hiyo mimi, mume wangu na madaktari tulikaa tukakubaliana niendelee na wafarini kwa uangalizi wa karibu. Mwenzangu niliyekuwa naye wodini alichagua hepari miezi mitatu ya mwanzo, na nilimheshimu. Karibu na wiki ya 36 nililazwa nikahamishiwa hepari, kwa sababu uchungu ukimkuta mtu bado anatumia wafarini, damu ya mtoto nayo inakuwa haigandi vizuri, na kuzaliwa kwa njia ya kawaida kunakuwa hatari kwa kichwa chake.

Kipindi chote hicho nilipimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, kila wiki, na chakula changu kikawa cha utaratibu. Sikuacha matembele wala kisamvu. Nilihakikisha tu kwamba kiasi hakibadiliki, maana wiki ya mboga nyingi na wiki ya bila mboga huivuruga INR kabisa. Mwanangu nimemnyonyesha nikiwa narudi kwenye wafarini, na dawa hiyo haimdhuru mtoto kupitia maziwa.

BintiMoro ameandika:

Asanteni sana, nimesoma nikarudia. Daktari, hilo la enalaprili sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote. Naomba kuuliza mawili zaidi: nikifanikiwa kubeba, hatari inaisha nikishajifungua? Na wakati huu ninaposubiri vipimo, nitumie njia gani ya kuzuia mimba?

MkungaMstaafu amejibu:

Mwanangu, hapana, haiishi hapo, na hili ndilo ninalotamani kila familia ilijue. Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi unajikaza na kuisukuma damu yake irudi kwenye mzunguko, wakati huohuo mgandamizo uliokuwa kwenye mishipa mikubwa umeondoka. Moyo wenye valvu nyembamba unapokea mzigo huo wote kwa pamoja, na mapafu yanaweza kujaa maji ndani ya saa chache, mama akiwa amekwisha kupongezwa na ndugu wamekwisha kwenda nyumbani kupika mtori. Kwa hiyo usikubali kuruhusiwa haraka. Siku mbili tatu za kwanza ni za kuangaliwa kwa karibu, na wiki zinazofuata ni za kurudi kliniki kwa tarehe uliyopewa, hata kama desturi ya kwenu inamtaka mzazi asitoke ndani mpaka arobaini.

Wengi wenu mnadhani mwenye moyo lazima apasuliwe. Mara nyingi njia ya kawaida ndiyo bora, mama akiwa amepewa dawa nzuri ya kutuliza uchungu, ameegeshwa akilalia ubavu wa kushoto, na mtoto akasaidiwa kutoka kwa vakyumu, kifaa cha kumvuta kichwani, ili mama asisukume kwa nguvu. Kuna mambo mawili ya kuwakumbusha watakaokupokea: maji ya dripu yasimiminwe ovyo, na usichomwe ergometrini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, kwa sababu hupandisha presha ghafla. Andikisha ugonjwa wako kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi ya kliniki, kwa maandishi makubwa, na mume wako ayajue haya kwa kichwa, maana ukiwa kwenye uchungu hutaweza kujieleza.

Wakati wa mimba, kushindwa kulala chali, kuamka usiku kutafuta hewa dirishani, kikohozi kisicho na mafua, na moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, hayo usiambiwe ni uchovu wa mimba ukakubali. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya kuongeza damu umeze, kwenye chandarua ulale, na dawa ya kuzuia malaria unayopewa kliniki usiikwepe.

Subira amejibu:

Dada, mimi nilipimwa ikaonekana presha ya mishipa ya mapafu imepanda sana na hakuna puto wala upasuaji wa kuirekebisha, nikashauriwa nisibebe mimba kamwe. Nililia, na sitakudanganya kwamba nimeacha kabisa kuumia. Lakini daktari aliyeniambia alimwita mume wangu, akatueleza sote wawili kwa picha za eko mezani, na baadaye mume wangu mwenyewe ndiye aliyekwenda kuzungumza na mama yake, bila mimi kuwepo. Hilo liliniondolea mzigo mkubwa. Mwombe wa kwako afanye vivyo hivyo, majibu yawe ya ndiyo au ya hapana, kwa sababu maswali ya ukoo humwangukia mwanamke hata asipokuwa na lolote la kujibu. Sasa hivi tunafuatilia kuasili mtoto kupitia ofisi ya ustawi wa jamii.

DaktariWaZamu amejibu:

Dada BintiMoro, kuhusu uzazi wa mpango wakati unasubiri: epuka vidonge vyenye homoni mbili, kwa kuwa estrojeni iliyomo huongeza hatari ya damu kuganda, na kwenye moyo wako damu tayari inatembea polepole nyuma ya valvu. Vijiti vinavyowekwa kwenye mkono vina homoni moja, havina shida hiyo, na siku utakayokuwa tayari vinatolewa na uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Kitanzi nacho kinafaa, ila kile cha madini ya shaba huweza kuongeza hedhi, na sitaki upungukiwe na damu kabla ya safari hii. Ukienda kuwekewa, mwambie mhudumu dawa unazotumia, na uchukue tarehe ya eko kabla hujaondoka hospitalini siku hiyo.