"Kwani hiyo mimba ni ya mwajiri?" Yule baba wa dirisha la pili leo amenimaliza

Chausiku wa Bara

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata kwenye bajaji bado sijashuka.

Mnamjua. Kila aliyewahi kukanyaga ile ofisi anamjua, sina haja ya kutaja jina mods wakanifungia bure. Yule baba wa dirisha la pili, miwani inaning'inia kifuani, ukimsalimia anaitazama kompyuta kwanza kama vile salamu yako inasubiri kibali kutoka Dodoma. Huyo huyo.

Nimefika na bahasha yangu. Barua ya kuachishwa kazi imo, mkataba umo, kadi ya kliniki imo, hati za mshahara zimo, hata meseji za meneja nimezipeleka steshenari zikaprintiwa kwa rangi. Nimekaa kwenye lile benchi lisilo na mgongo mpaka miguu imevimba. Zamu yangu imefika, nimeinama dirishani, nikasema kwa sauti ya chini maana haya ni mambo ya mtu: "Shikamoo baba. Naomba kufungua malalamiko, nimeachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito."

Marahaba sikuipata. Kwa sauti ya mnada wa mitumba, benchi zima linasikia: "Dada, kwani hiyo mimba ni ya mwajiri?"

WAKUU.

Benchi zima likacheka. Mlinzi akacheka. Yule kijana wa usafi akaacha kudeki, akaegemea fimbo yake ili acheke vizuri. Nadhani hata picha ya ukutani ilicheka. Na yeye akavaa miwani akawaangalia watu, anapokea kicheko chake.

Mimi nilikuwa mapokezi ya hoteli tangu inafunguliwa. Wageni walikuwa wananiulizia kwa jina. Tumbo lilipoanza kuonekana, meneja akaandika kwenye meseji, na ninayo hapa: "Mapokezi ni sura ya hoteli, hilo tumbo halileti picha nzuri." Baada ya hapo barua, eti "kupunguza wafanyakazi". Aliyepunguzwa ni mimi peke yangu! Na kiti changu hakijapoa, kimekaliwa na binti mwingine. Huyo meneja nitamalizana naye, msijali.

Lakini leo siyo meneja aliyenichoma. Ni yule baba. Kama pale si mahali pake, angesema "dada, shauri kama hili nenda sehemu fulani". Basi. Ningesema asante baba nikaondoka. Bahasha hajaigusa. Hajauliza jina. Mtu wa serikali, analipwa kwa kodi yangu niliyokatwa kwenye mshahara ule ule niliofukuzwa, ananiuliza mbele ya watu mimba ni ya nani!

Halafu akasema "haya, anayefuata".

Dereva wa bajaji ananiuliza nashukia wapi, mimi kichwani nasikia kwani hiyo mimba ni ya mwajiri. Naandika hapa, naisikia. Mume wangu nitamwambia nini? Kwamba nimeenda kudai haki, nikaulizwa mwenye mimba?

Anayejua pa kumshtaki YEYE, siyo meneja, YEYE, aseme hapa.

Kipanga wa Nyasa

Nimeweka kambi. Leteni kahawa.

Simba Mzee

Pole dada. Ila sasa tuambie ukweli sisi ndugu zako, ni ya mwajiri au siyo ya mwajiri?

Chausiku wa Bara

Simba Mzee, wewe na yule baba mmelala tumbo moja. Mama yako alipokubeba kuna mtu alimuuliza hilo swali foleni nzima ikisikia?

Simba Mzee

Usimtaje mama, ametulia zake Kahama.

Mama Pacha

Yule baba! Jamani yule baba! Mimi nilikwenda pale kulalamika nanyimwa muda wa kunyonyesha, akaniuliza "kwani mtoto wako hajui maziwa ya kopo?" Nilitoka nikasahau hata mwavuli wangu. Wakati sheria inasema wazi, mama anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Likizo yenyewe siku 84, ukizaa zaidi ya mmoja siku 100. Mimi nilijifungua wawili, nikapewa 84, nikaambiwa "wa pili ni zawadi".

Mti Mkavu

Uzi mrefu. Nani atufupishie?

Kipanga wa Nyasa

Mjamzito kafukuzwa kazi, kaenda serikalini, karani kamchana.

Chausiku wa Bara

Hajanichana, AMENIDHALILISHA. Na siyo karani, karani ana adabu.

Mzee wa Shauri

Binti, acha kulia kidogo unisikilize, maana siku zako zinakwenda.

Shauri lako linafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwenye ofisi ya eneo kazi ilikokuwa. Hulipii kufungua. Unajaza fomu namba moja, ile CMA F1. Ina sehemu B kwa ajili ya walioachishwa kazi tu, usiiache tupu, watu wengi wameumizwa na hiyo. Nakala unampelekea mwajiri na unahakikisha amesaini kupokea. Akigoma kusaini, tuma kwa rejista ya posta utunze risiti.

Muda: aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Migogoro mingine ni siku 60. Ukichelewa unaanza kuomba kwanza uongezewe muda, ueleze sababu, na "yule baba alinitukana" haitatosha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na ujauzito umetajwa humo waziwazi. Kimo pia kabila, dini, jinsia, umri, ulemavu, VVU, hali ya ndoa na kadhalika. Kifungu cha 37 kinasema sababu inayohusu ujauzito siyo sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mzigo unamhamia mwajiri, ndiye anatakiwa athibitishe kwamba haukuwepo. Hiyo meseji ya "sura ya hoteli" ilinde kama cheti cha ndoa.

Na hiyo "kupunguza wafanyakazi" ina utaratibu wake: atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ajadiliane nanyi ni nani apunguzwe na kwa vigezo gani. Kupunguza mmoja na kuajiri mwingine kiti kile kile sijui anaiita hesabu gani.

Chausiku wa Bara

Mzee wangu, Mungu akuzidishie. UNAONA SASA? Haya yote umeyaandika bure, hunijui. Yule anayelipwa kila mwezi alichokuwa nacho mdomoni ni kwani hiyo mimba ni ya mwajiri. Alikuwa na kalamu, alikuwa na karatasi, angeniandikia "CMA". Herufi tatu!

Afande Mstaafu

Mleta uzi mnakuwa na jazba sana vijana wa siku hizi. Mtumishi yule yuko dirishani asubuhi mpaka jioni, anasikiliza shida za mkoa mzima. Labda alitaka kukuchangamsha.

Chausiku wa Bara

Akamchangamshe mkewe.

Mama Pacha

Hapo umemaliza dada.

Bobea Jr

Mzee wa Shauri, swali. Mimi nilikuwa na miezi minne kazini nikaondolewa, nasikia chini ya miezi sita huna chako?

Mzee wa Shauri

Chini ya miezi sita huwezi kudai uliachishwa isivyo halali. Ila kama uliondolewa kwa ubaguzi, kifungu cha 7 kinakulinda hata siku ya kwanza, hata ukiwa bado unaomba kazi. Uliondolewa kwa nini?

Bobea Jr

Nilikuwa nachelewa.

Mzee wa Shauri

Basi wahi unakokwenda sasa.

Baba Junior

Kila siku akina mama, akina mama. Sisi akina baba nani anatusemea? Sheria hiyo hiyo inatupa likizo ya uzazi siku TATU, na lazima uzichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Ya kwanza uko hospitali unatafuta dawa, ya pili unanunua supu ya kuku, ya tatu mama mkwe kaingia na mabegi, ya nne uko kazini unasinzia juu ya mashine. Mimi bosi aliniambia "kwani wewe ndiye uliyejifungua?" Mbona sikufungua uzi?

Chausiku wa Bara

Fungua wa kwako! Hapa tunamjadili yule baba!

Wanjiru wa Thika

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Pole sana dadangu. Huku Kenya wanaume wanapewa wiki mbili na malipo kamili, akina mama miezi mitatu. Iko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007. Ubaguzi ni kifungu cha 5, na kesi inaenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini mkae mkijua hata huku wa dirishani ni wale wale. Mimi niliulizwa "kwani ulienda kazi kuzaa?"

Baba Junior

WIKI MBILI? Mimi nahamia Kenya.

Simba Mzee

Nenda, ukifika utaulizwa kitambulisho.

Mkulima Msomi

Nyie mna bahati mmeajiriwa mkafukuzwa. Mimi nina miaka 46, kila tangazo "umri usizidi 35". Nimeomba kazi ya stoo. Stoo! Mchele unajua umri wa anayeuhesabu? Na umri Mzee wa Shauri ameutaja hapo juu, umo kwenye kifungu. Yaani ningewashtaki wote ningejaza fomu namba moja mpaka ifike fomu namba elfu.

Kipanga wa Nyasa

Mkulima umeongea jambo kubwa. Fungua uzi wako tuje.

Mkulima Msomi

Niko hapa hapa, huku kuna watu.

Chausiku wa Bara

Naomba turudi kwenye mada. Kuna mama mmoja kanifuata hadi nje, alikuwa benchini, anasema naye ana shauri la kunyimwa cheo kwa sababu ya kabila lake, lakini baada ya kusikia mimi nimeulizwa vile, bahasha yake hakuitoa. Kakunja, kaondoka. Mnaelewa sasa kwa nini nalia? Siyo mimi tu. Sentensi moja ya yule baba imefunga mdomo wa watu wawili asubuhi moja, na sijui jana ilifunga wa wangapi.

Mama Pacha

Mungu anamwona.

Mzee wa Shauri

Mtafute huyo mama umwambie naye aende CMA. Kabila limo kifungu cha 7, na kunyimwa cheo ni ile ya siku 60. Anaruhusiwa kwenda na wakili, mtu wa chama chake cha wafanyakazi, au mwakilishi atakayemchagua mwenyewe. Kwanza mtakaa na msuluhishi, ana siku 30 za kuwapatanisha. Msipopatana mnakwenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika na uamuzi anakimbilia Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Na huyo wa dirishani, andika malalamiko kwa mkuu wake wa kazi, taja tarehe na saa, na ukimpata huyo mama awe shahidi.

Chausiku wa Bara

Nitaandika leo leo. Na neno lake nitaliweka kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa: KWANI HIYO MIMBA NI YA MWAJIRI.

Mti Mkavu

Samahani, hiyo ofisi ndiyo ile ambayo nje kuna mama anauza chai na chapati za maji?

Kipanga wa Nyasa

Ndiyo hiyo. Ila amepandisha bei.

Mti Mkavu

Amepandisha tena? Na zimekuwa nyembamba unaona jua upande wa pili!

Baba Junior

Yule mama ndiye wa kufunguliwa uzi. Mimi alinirudishia chenji ya pipi.

Afande Mstaafu

Chenji ya pipi ni kosa. Pesa ni shilingi.

Simba Mzee

Pipi zenyewe zilikuwa za aina gani?

Baba Junior

Za tangawizi. Mbili. Moja ilikuwa imeshafunguliwa.

Mama Pacha

IMEFUNGULIWA?