Nimemkamata mwizi wa beberu wangu, mbona kesi inanigeukia mimi?

Mwenye Beberu, Mabawa
Assalaam aleykum wana Tanga. Jamani mie nimechanganyikiwa, nisaidieni. Juzi saa tano usiku natoka kufunga geti nakuta kijana uchochoroni kabeba kiroba mgongoni na kiroba kinalia mee. Kufungua, beberu wangu. Nikapiga ukelele majirani wakatoka tukamdaka, wakamlainisha kidogo, nikamfungia stoo ya mkaa mpaka kukakucha maana usiku ule nani wa kunipeleka kituoni. Saa nne asubuhi namkabidhi kwa afande, afande ananitizama ananiambia na wewe mzee kaa kwenye benchi hapo. Mwizi kapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kaenda kutibiwa, mie nimeandikwa maelezo kama mtuhumiwa, nimetoka kwa dhamana ya shemeji yangu. Sasa nauliza, raia ana haki ya kumkamata mwizi au hana? Kama hana tuambiwe tu, tuache mageti wazi tulale.

Dereva Kange
Pole mzee wangu. Kosa lako ni kumpeleka. Mwizi wa siku hizi anamalizwa hapohapo, ukimpeleka kesho yake unamkuta kijiweni anakunywa kahawa na kashata na salamu anakupa. Sisi kijiweni kwetu tulikuwa na mmoja anaiba vioo vya pikipiki, tumempeleka mara tatu, mara ya nne hatukumpeleka.

Karani Mstaafu
Dereva, hiyo "mara ya nne" ifute mwanangu, watu wanasoma. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, faili za wananchi wenye hasira kali nimezibeba kwa mikono hii. Mtu akifa pale hamna kesi ya "umati". Wanasomewa mauaji ya kukusudia, adhabu yake kunyongwa, na Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 23 cha nia ya pamoja, aliyepiga tofali na aliyekimbia kuleta tairi wanapanda kizimba kimoja.

Mzee wa beberu, haki ya kukamata unayo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kifungu cha 16, raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa machoni pake, na mwenye mali au mtumishi wake anaweza kumkamata anayemharibia mali yake. Hapo upo sawa kabisa, kiroba kimelia mee mbele yako. Shida inaanzia stoo.

Kijana Barabara ya 20
Hapo afande kamuonea tu, kisheria ana masaa 24. Saa tano usiku mpaka saa nne asubuhi ni masaa 11, hata nusu hajafika.

Karani Mstaafu
Masaa 24 ni ya polisi, kumfikisha mtu mahakamani. Wewe raia hujapewa hata nusu saa ya kwako. Kifungu cha 31 cha sheria hiyohiyo ya Mwenendo, unamkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, polisi hayupo unampeleka kituo cha karibu. Kulala nae haipo popote. Na nguvu ni ile ya kumzuia asikimbie tu, akishatulia mikono chini. "Kulainisha" ndio nini?

Mwenye Beberu, Mabawa
Makofi ya kawaida tu. Jino moja limetoka ila lilikuwa linalegea, hata yeye alikiri.

Binti Chumbageni
Makofi ya kawaida 😂 alikiri akiwa wapi, ndani ya stoo?

Mja Mkazi
Mie nauliza kitu kimoja. Hao mbuzi wa Mabawa si ndio wanaozurura barabarani mchana kutwa na usiku wanalala vibarazani kwa watu? Mnyama hana kamba hana mchungaji halafu mtu akimuokota anaitwa mwizi. Kwetu mbuzi ana banda.

Mwenye Beberu, Mabawa
We mja usinijaribu. Beberu wangu alikuwa BANDANI, kitasa kimevunjwa. Tanga ni waja leo waondoka leo, wewe umekuja leo na kuondoka umegoma, sasa umeanza kutufundisha kufuga!

Mja Mkazi
Nina miaka 14 hapa, kodi nalipa, watoto wangu wanaongea kama nyinyi. Na nimetoka Shinyanga, kufuga tunakujua. Wezi wa ng'ombe miaka ya 80 tuliwamaliza kwa sungusungu, ulinzi wetu wa jadi wa kijiji, mpaka serikali yenyewe ikasalimu amri ikawatambua sungusungu kisheria. Sio mtu mmoja na stoo yake.

Karani Mstaafu
Ilikuwa 1989, yalirekebishwa masharti ya sheria za mgambo, sungusungu wakapewa mamlaka ya kukamata. Kukamata, sio kuhukumu. Watu walisikia nusu ya kwanza wakaondoka.

Mama Twalib
Ngoja kwanza. Alikuwa bandani? Beberu yupi, yule mweusi wa pembe moja iliyovunjika? Si ndie huyohuyo Ramadhani iliyopita alimaliza tuta langu zima la mchicha akahamia na nguo za kambani akatafuna kanga ya mwanangu, ndo kwanza mpya haijafuliwa hata mara moja? Nikamfunga kwenye mnazi wangu nikasema mwenyewe aje tuongee. Ukaja na mjumbe saa mbili usiku, sauti inasikika mpaka msikitini, ati nimezuia mali yako kinyume cha sheria! Mbuzi kwangu kakaa toka laasiri mpaka isha na maji nimempa. Wewe mtoto wa watu umemlaza kwenye mkaa.

Dereva Kange
Uwiiii 😂😂😂 mzee jibu hilo

Mwenye Beberu, Mabawa
Mama Twalib haya ya majirani tungeyamaliza nyumbani. Na mchicha niliulipa.

Mama Twalib
Ulilipa mchicha. Kanga bado.

Kijana Barabara ya 20
Karani swali la kisomi. Umesema mwenye mali anaweza kumkamata anayeharibu mali yake. Mchicha ni mali. Kwa hiyo Mama Twalib alimkamata beberu kihalali chini ya kifungu cha 16?

Karani Mstaafu
Sheria imesema mtu. Mbuzi haandikwi maelezo. Hapo anatafutwa mwenye mbuzi, kwa madai ya hasara au kwa sheria ndogo za halmashauri.

Mja Mkazi
Kwa hiyo aliyestahili kufungiwa stoo ni mwenye mbuzi 🤣

Binti Chumbageni
Mnacheka mbuzi, mie nimerudi kwa Dereva na mara yake ya nne. Kaka yangu alikuwa anawahi mashua Deep Sea, saa kumi usiku, ndoo na nyavu mkononi. Mtu mmoja kapiga ukelele mwizi, hakujulikana ni nani mpaka leo. Walivyomaliza ndio mmoja akamulika ndoo akaona nyavu. Kalala hospitali ya Bombo wiki tatu, jicho la kushoto halioni. Na waliompiga wengine walikuwa madereva wa boda.

Dereva Kange
Dada pole lakini usitujumlishe, boda tupo wengi. Na mtu saa kumi usiku kwenye giza anapita uchochoroni badala ya barabara kubwa, watu watajuaje?

Binti Chumbageni
Watauliza! Mdomo mnao, mnautumia kupigia ukelele tu. Wewe saa kumi usiku unapakia abiria, mbona hujawahi kupigwa tofali?

Dereva Kange
Sijasema tuue mtu. Nimesema hatukumpeleka. Tulimpokonya vioo tukamfukuza basi, mmenikuzia.

Karani Mstaafu
Mwanzo uliandika "anamalizwa hapohapo."

Dereva Kange
Niliandika nina hasira na mafuta yamepanda.

Mwenye Beberu, Mabawa
Jamani mie bado nipo na swali langu limepotea. Haya, la stoo nimelielewa, jino nitazungumza na wazazi wake. Ila kuna kubwa zaidi, beberu nae wamemzuia, ati ni kielelezo. Kafungwa kituoni chini ya mwarobaini na Ijumaa nina akika ya mjukuu, nilimuweka kwa ajili hiyo. Karani nifanyeje?

Karani Mstaafu
Nenda mapema kesho kamuone mpelelezi wa faili lako, omba mbuzi apigwe picha, iandikwe hati ya makabidhiano urudishiwe, kesi iendelee na picha. Kielelezo chenye pumzi hakuna anaependa kukaa nacho. Na usiende na wale majirani waliolainisha.

Mwenye Beberu, Mabawa
Leo nimepita kumpelekea majani, nimekuta keshakula maua yote mbele ya kaunta. Afande kaniuliza nani atalipa.

Mama Twalib
Mwambie afande amfunge kamba fupi. Na anike nguo mbali.

Kijana Barabara ya 20
Karani, maua ya kituoni ni mali ya serikali?